Matembezi ya mgomo wa 1947 Mombasa: nyota nne, na nimeshalipia kurudi

Haya wapendwa, niliahidi nikitoka huko ntaandika, sasa naandika na nyayo bado zaniuma. Nazungumzia yale matembezi ya nusu siku ya historia ya makuli, yaani wapakizi wa meli, na migomo ya bandari ya Kilindini, yanaanza ufukweni Mama Ngina yanaishia mtaa wa Majengo, hufanyika Jumamosi ya kwanza na ya tatu ya mwezi. Bei ni shilingi 1,500 kwa mwenyeji mtu mzima, mtoto wa shule nusu yake, na humo ndani mna tuktuk ya kuwatoa Mama Ngina mpaka Shimanzi karibu na bandari, chupa moja ya maji na chakula cha mchana. Tulikuwa watu kumi na mmoja. Wanaoongoza ni wawili, kijana aliyesomea historia chuo na mzee mstaafu wa bandari, na nikisema ukweli yule mzee ndo amenifanya nikae chini niandike marefu hivi.

Kwanza mjue natoka wapi. Nimezaliwa Mombasa, nafanya kazi ofisi ya kliaringi, makaratasi ya makontena ndo unga wangu, na babu yangu mzaa mama alikuwa kibarua wa Kilindini. Kwa mamangu ukutani kuna picha yake amesimama na wenzake sita gatini, wote vifua wazi, na hakuna mtu pale nyumbani ajuaye ilipigwa mwaka gani wala hao wengine ni kina nani. Shuleni form two tulikaririshwa mapinduzi ya viwanda ya Uingereza, mashine za kusokota pamba na injini ya mvuke, mtihani ukaja tukapasi, lakini hakuna mwalimu aliyewahi kutuambia kwamba mji huuhuu tunaokaa ulisimama karibu wiki mbili, bandari kimya, reli kimya, mahoteli hakuna wa kupika, kwa sababu watu waliokuwa wakilala wanabanana chumba kimoja walisema basi. Mimi hilo nimekuja kulijua nina miaka thelathini na kitu. Kwa hivyo nilienda na kiu, mtanisamehe nikionekana nimesifia sana mahali.

Ila nianze na mabaya manake yalianza mapema. Tuliambiwa saa mbili kamili asubuhi, tukaondoka saa tatu kasoro kumi. Sababu ni kusubiri watu wawili waliokuwa wanatoka Nyali, na hao wawili walipofika hata pole hawakusema. Jamani, Mombasa jua la saa mbili na jua la saa tatu si ndugu. Ikiwa mtu amechelewa mwacheni aje na tuktuk yake awakute Shimanzi. Alafu kile kipaza sauti cha mkononi wanachobeba kimechoka, pale Mama Ngina kwenye upepo na baadaye Mwembe Tayari kwenye matatu sisi wa nyuma tulikuwa tunasoma midomo tu.

Pale Mama Ngina kijana alizungumza dakika arubaini, na nusu yake ilikuwa Wareno na Fort Jesus, vitu ambavyo mtu yeyote wa hapa amevisikia tangu chekechea. Hii sehemu ipunguzwe. Lakini kulikuwa na kitu kimoja kizuri sana pale. Meli ya makontena ilikuwa inaingia, inapita mlangoni polepole, boti za kuvuta ziko ubavuni, na yule mzee aliyekuwa kimya muda wote akainua fimbo yake akatuuliza, hii meli ikifika gatini ikakosa mtu wa kuishusha, nani analia? Watu wakajibu mengi. Akasema analia mwenye meli, manake meli iliyolala yala pesa kila siku, analia mwenye mzigo, analia Kampala, analia Nairobi. Kuli ambaye hana kitu ila mgongo wake akikaa chini siku moja, kilio chafika London. Mimi nafanya kazi na gharama za meli kuchelewa kila siku ya Mungu, naziandika kwenye karatasi, na sikuwahi kuona hata siku moja kwamba hapo ndo nguvu ya babu yangu ilipokuwa. Ile sentensi peke yake nilikuwa tayari kuilipia elfu moja.

Shimanzi ndipo nilipochoka kidogo manake bandarini huwezi kuingia, na najua sheria za geti ni kali, mimi mwenyewe naingia kwa pasi. Mnasimama nje barabarani malori yanapita mnavuta moshi. Wangeweza kutafuta mahali pa juu hata paa la jengo la mtu tukaona magati. Hata hivyo maelezo ya pale yalikuwa na nyama. Kijana alieleza kwamba kibarua cha Mombasa kina mizizi ya utumwa, zamani mabwana walikuwa wanawakodisha watumwa wao kubeba mizigo wakagawana nao malipo, utumwa ukafutwa kisheria hapa Pwani 1907, na walioachwa huru pamoja na Wamijikenda waliokuwa wakija kutoka bara hapo karibu wakafanya kazi ya siku. Unafanya siku zako ukitaka, ukipata pesa ya kodi au ya mahari unarudi shamba kwenye mnazi na mhogo wako. Wazungu walilalamika miaka na miaka kwamba hao watu ni wavivu, kumbe mtu alikuwa na shamba na hakutaka kuuza wiki yake nzima. Zamani hizo mizigo ilishushwa kwa matishari mpaka ufukweni, magati ya maji marefu yakaanza kutumika miaka ya 1920.

Hapo mzee akafungua mfuko wake wa kikapu akatoa kulabu. Ilikuwa ya babake. Chuma kimepinda kama mdomo wa kasuku, ncha imelika, na mpini wa mti umekuwa mweusi na laini kama shanga ya tasbihi, kuna mahali vidole vinne vimejichimbia vishimo vyao kabisa. Alitupa tuishike mmoja mmoja. Mimi mkono wangu ni mdogo, vidole vyangu havikujaa vile vishimo. Akatuonyesha jinsi unavyolichoma gunia la kahawa la kilo 60 pembeni bila kulipasua, unalivuta, mwenzako analiinua unaliweka begani, na unaenda nalo huku unakimbia kidogo kidogo manake ukitembea ndo lakulemea. Akasema, "Wanangu, serahangi, msimamizi wa makuli, alikuwa akisimama hapo kwa geti asubuhi, watu mia, mia mbili, ye yuwataka ishirini. Hakuiti kwa jina, akuita kwa kidole. Ukikosa kidole hicho utakula nini jioni?" Dada mmoja wa kundi letu, huyo ntamrudia, akafuta macho hapo.

Kuna jambo la 1939 ambalo wengi wetu hatukulijua na kijana alilieleza vizuri, sauti yake ilikuwa imefunguka sasa. Ilianza Julai mwaka huo na watu wa idara ya ujenzi ya serikali wakidai pesa za nyumba, manake kodi ya chumba Majengo ilikuwa inakula mshahara. Wakapewa. Wengine wakaona kumbe yawezekana, ikapita kwa wa umeme, wa manispaa, wa kampuni za mafuta, mpaka Agosti ikafika kwa makuli. Serikali ikaunda tume, ile ya Willan, nayo ikakiri kwamba nyumba ni tatizo kubwa. Alafu vita vikaja. Vita vikaleta kazi nyingi bandarini na bei ya kila kitu ikapanda, nguo ya kutafutwa, unga wa kupimiwa, na watu wakazidi kumiminika kisiwani kutoka bara huku vyumba ni vilevile. Sasa hapo mtu hahitaji kuambiwa na mchochezi yeyote kwamba ana njaa.

Kutoka Shimanzi mnatembea kwa miguu mpaka stesheni ya zamani ya reli, ile iliyoacha kupokea treni za abiria za Nairobi reli mpya ya SGR ilipoanza 2017. Vaeni viatu vya kufunga, mimi nilivaa makubadhi nikajuta. Pale stesheni ndipo hadithi ya Jumatatu tarehe 13 Januari 1947 inaanza, na hapa nawapa hongera manake waliisimulia asubuhi hiyo saa kwa saa kama watu waliokuwepo. Makuli hawakuja. Watu wa reli hawakuja. Boi wa nyumba, mpishi, dobi, mtu wa hoteli, hawakuja. Zaidi ya watu 10,000, wako wanaohesabu mpaka 15,000, mji mzima ukakaa chini siku moja. Mzee anasema babake alimwambia kitu kilichowashtua watu asubuhi ile kilikuwa ukimya, husikii winchi, husikii kichwa cha treni kikipuliza, unasikia kunguru tu.

Sasa Majengo. Kama mna haraka na hamna muda wa nusu siku nawaambia kabisa hii sehemu ya Majengo ndo matembezi yenyewe, huko kwingine ni njia ya kufikia hapa. Mnaingia kwenye vichochoro, nyumba za Kiswahili za vyumba sita na korido katikati, mnaoneshwa moja ambayo mwenyewe ni bibi mmoja mkunjufu, ametufungulia mlango tukaona korido na uani na jiko. Nilihesabu hatua za kile chumba, tatu kwa nne. Kijana akatwambia tusimame ndani watu wanane, tukasimama, pumzi zikagusana, akasema sasa fikirieni mnalala. Alafu mnatoka mnaelekea ulipokuwa uwanja wa mpira wa Kiembeni, na msichanganye na Kiembeni ya kule njia ya Bamburi, hii ni ya hapahapa kisiwani upande wa Majengo.

Kiembeni ndipo wagomaji walipokuwa wakikutana kila siku, siku zote za mgomo, maelfu. Wakapabatiza jina, Kiembeni ya Maskini. Nilisimama pale nikalirudia lile jina mdomoni. Hawakusema Kiembeni ya makuli wala ya watu wa reli wala ya kabila fulani. Kulikuwa na Wadigo, Wagiriama, Wajaluo, Wakikuyu, Wakamba, Wataita, na lugha iliyowakutanisha ni hii ninayoandika sasa. Chama chao kilizaliwa humohumo ndani ya mgomo, wakakiita muungano wa wafanyakazi Waafrika na baadaye jina likawa African Workers' Federation. Kijana alitusomea madai yao: malipo sawa kwa kazi sawa, posho ya mke na watoto, na mfanyakazi Mwafrika aheshimiwe. Hilo la heshima liliandikwa kama dai, sambamba na pesa, na mimi limenikaa sana. Palikuwa pia na nidhamu yao wenyewe, waliovunja mgomo wakaenda kazini waliletwa pale mbele ya watu wakanyolewa kichwa nusu, nusu inabaki na nywele, ukipita mtaani kila mtu ajua. Mmoja wetu akauliza hayo si mateso, na mzee hakukwepa, akasema ndio yalikuwa magumu, na babake hakuwahi kuyasimulia kwa fahari. Nimempenda kwa hilo jibu.

Ila hapa pia ndo malalamiko yangu makubwa zaidi. Kiembeni tulipewa dakika kumi na tano. Dakika arubaini kwa Mama Ngina na kumi na tano kwa Kiembeni! Na pale penyewe hatukuoneshwa hata kibao, hata bati lenye maandishi. Hilo si kosa la waandaaji, najua, ni letu sote wenye mji huu. Lakini basi nyinyi mnaotupeleka ndo kibao chenyewe, kaeni pale, tuwekeeni mkeka, tuleteeni kahawa chungu na kashata tukae nusu saa tusikilize.

Turudi kwa yule dada. Kijana alipomaliza kusoma madai akauliza, katika haya lipi limeshapatikana? Watu wakawa wanasema hili ndio, hili nusu. Dada akasema anafanya hoteli moja kule kaskazini ya pwani, mwaka wa saba sasa, na bado ni kibarua wa msimu. Ukifika Aprili wageni wakipungua anaambiwa aende nyumbani, Julai anaitwa, kwa kidole vilevile akasema, siku hizi kidole chaja kwa meseji ya simu. Mwenzake wa meza moja aliyeajiriwa analipwa karibu mara mbili kwa trei ileile. Kila mtu akanyamaza. Kijana wa kundi letu anayepeleka chakula kwa pikipiki akaongeza yake, kwamba bosi wake ni programu ya simu na hajui hata aende kugoma mlango gani. Hakuna aliyepanga hayo mazungumzo na nadhani ndo yalikuwa somo kubwa la siku kuliko yote yaliyotayarishwa. Tungekuwa na muda tungeendelea, lakini tukaambiwa chakula kinapoa.

Mwisho wa mgomo wenyewe uliniuma. Serikali ilileta Eliud Mathu, Mwafrika wa kwanza kuingia baraza la kutunga sheria, akaja akazungumza na wagomaji akawasihi warudi kazini na wataundiwa mahakama ya kusikiza malalamiko yao. Wakakubali, tarehe 24 wakavunja, tarehe 25 watu wakarudi kazini. Mahakama ikaundwa kweli, mwenyekiti wake jaji Thacker, na mishahara ikapandishwa ingawa si kwa wote sawa. Sasa sikieni hii, kijana alipolitaja hilo jina nilidhani nimesikia vibaya nikamrudisha. Ndiye Thacker huyohuyo aliyekuja kumhukumu Kenyatta na wenzake watano kwenye kesi ya Mau Mau kule Kapenguria miaka michache baadaye. Na mmoja wa hao watano ni Fred Kubai, mtu wa vyama vya wafanyakazi. Miaka yote nimesoma Kapenguria na sikuwahi kujua kwamba jaji yule alipitia kwanza mezani kwa makuli wa Mombasa.

Na Chege Kibachia. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, msomi wa shule ya Alliance, akifanya kazi Mombasa, akawa kiongozi wa chama na akataka kukipeleka nchi nzima. Akaanza kukusanya watu Nairobi, Agosti 1947 serikali ikamkamata ikamtupa mbali kule Kabarnet, akazuiliwa miaka kumi. Mwezi uliofuata kwenye kiwanda cha nyama ya nguruwe kule Uplands wafanyakazi waligoma, polisi wakapiga risasi, watu watatu wakafa. Hapa lazima niseme kitu kuhusu ile karatasi wanayowapa wageni, kwamba imeandikwa Kibachia ndiye aliyeanzisha mgomo wa Januari. Si kweli, na kijana mwenyewe kwa mdomo alisema sawa, Kibachia alichukua uongozi mgomo ukiwa umeshakwisha, mwaka huohuo. Tofauti hii si ndogo. Ukisema mtu mmoja msomi ndiye alianzisha, umewanyang'anya makuli na maboi wa nyumba kazi yao waliyoifanya wenyewe bila kungoja mtu wa kuwaongoza. Rekebisheni hiyo karatasi tafadhali, na mkirekebisha ongezeni na Makhan Singh, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi, kwa kirefu, manake alipata sentensi moja tu. Mtu aliyesimama Nairobi Aprili 1950 katika mkutano wa vyama vya wafanyakazi akadai uhuru kamili wa Afrika Mashariki wakati wakubwa wengi walikuwa bado wanaomba viti barazani, akakamatwa mwezi wa tano pamoja na Kubai, Nairobi ikagoma, na yeye akakaa kizuizini mpaka 1961. Miaka kumi na moja. Sentensi moja haitoshi.

Kitu kingine kilichopungua ni wanawake. Niliuliza. Nikajibiwa kwamba bandari ilikuwa kazi ya wanaume. Sawa, gatini ndio, lakini siku kumi na mbili mtu hana mshahara anakula nini na kwa nani? Nyumba nyingi za hapa Majengo zilikuwa za wanawake, wenyewe wakipangisha vyumba, na waliokuwa wakiuza mahamri, mbaazi, uji na samaki wa kukaanga kwa makuli kila alfajiri ni kina mama. Bila mama wa kukukopesha na mwenye nyumba wa kukungoja kodi hakuna mgomo unaofika siku ya tatu. Yule bibi aliyetufungulia mlango alikuwa amekaa pale pale mlangoni kwake anatusikiliza, kwa nini hakuulizwa? Mama yake au nyanya yake alikuwa nani mwaka huo? Nimemwambia kijana haya uso kwa uso na aliandika kwenye daftari lake, kwa hivyo nina matumaini.

Chakula sasa. Ni kwa mama mmoja hapo Majengo nyuma, mnakaa kwenye jamvi uani. Wali wa nazi, samaki wa kupaka, mchicha wa nazi, na achari ya embe iliyonifanya niombe tena. Hakuna haraka, mnakula mnaongea. Kulikuwa na kaka mmoja ametoka Dar kikazi, akasema hii hadithi mbona ni kama ya kwetu, na kijana akamwambia ndio, Septemba 1947 hiyohiyo makuli wa Dar es Salaam waligoma na mgomo ukapanda na reli mpaka bara, na mwaka uliofuata 1948 ikawa zamu ya Unguja, bandarini tena. Dar walikuwa wameshagoma kabla, 1939 na 1943. Yule kaka akasema yeye amekulia karibu kabisa na bandari na hajawahi kuambiwa. Basi tukawa wawili.

Na hapo kwenye jamvi mzee alisema jambo ambalo bado nalitafuna. Kwamba baada ya migomo serikali iliamua dawa ya kuli ni kumfanya mwajiriwa wa kudumu, ajulikane, ahesabiwe, apewe nyumba, na miaka ya 1950 kibarua cha siku kikabanwa kidogo kidogo. Mwaka 1955 makuli wakagoma tena, Tom Mboya, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi, akaja kuzungumza kwa niaba yao wakapata nyongeza, chama cha makuli kikaota mizizi. Mzee mwenyewe aliingia kazini miaka ya sitini akakuta likizo, matibabu na pensheni inayomlisha mpaka leo. Lakini akasema pia, ami zake wa Kwale waliokuwa wakija kufanya siku kumi wakarudi shambani walifungiwa geti, hawakuwa kwenye daftari. Wao ndio waliogoma na wao ndio waliobaki nje. Alilisema bila hasira, akiondoa miiba ya samaki, alafu akauliza, "Nyinyi wasomi, hapo ni ushindi ama ni nini?" Tulibishana mpaka chai ikaletwa. Mimi nasema ni ushindi, pensheni ni pensheni. Dada wa hoteli alisema ni ushindi wa waliokuwa kwenye daftari. Kaka wa Dar akasema tusubiri tuone makontena na mashine zitabakisha watu wangapi, hapo ndo tutahesabu.

Basi kwa ufupi wa mambo ya kulipa na kwenda: pigeni simu mapema, nafasi ni chache na mvua ikinyesha wanaahirisha lakini pesa hawali, rafiki yangu alirudishiwa zake zote. Vaeni viatu, bebeni maji ya ziada, chupa moja haifiki hata stesheni. Wazee wenye magoti mabovu waombe wachukuliwe na tuktuk kutoka Shimanzi, wanakubali kwa shilingi 200 zaidi. Watoto chini ya miaka kumi watachoka. Maelezo yote ni kwa Kiswahili, Kiswahili chetu cha hapa, na nawaomba wasibadilishe hilo hata watalii wakianza kuja.

Nyota moja nimeitoa kwa kuchelewa, kwa karatasi yenye kosa na kwa kuwasahau wanawake. Nitairudisha wakirekebisha. Mwezi ujao Jumamosi ya kwanza narudi na mamangu, nimeshamlipia na tuktuk juu. Anataka kuitoa ile picha ya babu kwenye fremu aje nayo, manake nilimwonesha mzee kwenye simu ila picha ilikuwa ya giza, akaisogeza machoni, akasema wa pili kutoka kushoto kama amjua, ila aletewe yenyewe.